Tarehe Tano za Apolline

Mkunga Generose amewapokea watoto wa Nyamianda kwa miaka ishirini na sita, na hana hata chembe ya heshima kwa chumba cha Vainqueur cha ekografi, mashine ya kupiga picha za mtoto tumboni. Si mashine anayoidharau. Yeye mwenyewe humtuma kila mjamzito akapimwe mara moja, mimba ikiwa changa. Anachodharau ni wale wazima kabisa wanaorudi kila mwezi, kana kwamba wanapiga picha za kadi ya uchaguzi.

Bingwa wao alikuwa Eliane, mama mkwe wa Apolline. Alimpeleka mkamwana wake mara tano, na kila picha akaibandika sebuleni kando ya picha za harusi. Wageni walizisifia, wengine wakizitazama kichwa chini miguu juu. Kila picha ilikuja na tarehe ya kuzaa, na kila mwezi tarehe ilihama.

Jumatatu moja Eliane aliingia kwa Generose akimvuta Apolline mwenye macho mekundu.

"Mama Generose, mutoto amepitisha siku. Docta Vainqueur anasema Ijumaa bamupasue."

"Docta? Tangu lini?"

"Weye iko na wivu. Mashine iko naona ndani. Mikono yako iko naona nini?"

Generose aliomba karatasi za zile picha. Zilikuwa bado na gundi ya ukutani. Akazipanga mezani.

"Tarehe tano, mutoto moja. Atazaliwa mara ngapi?"

Kisha akaeleza, bila kuficha kwamba anachoka: katika miezi mitatu ya kwanza watoto karibu wote hulingana, lakini mwishoni mwenye mwili mkubwa huhesabiwa siku ambazo hajaishi. Akamgeukia Apolline, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote, akataka kujua hedhi ya mwisho aliiona lini.

"Wiki tulikuwa tunapandikiza mupunga kwetu Sange, mama. Nilitoka shambani juu ya tumbo kuuma."

Wiki hiyo ililingana na karatasi ya kwanza. Zilibaki siku ishirini. Generose akapima tumbo na presha, akasikiliza moyo wa mtoto. Vyote vilikuwa sawa.

"Utakuja kila siku mbili nisikilize. Siku zikipita kweli, minye mwenyewe nitakupeleka hospitali."

"Na mutoto akikufa?" Eliane aliuliza.

"Utanitaja jina mbele ya kila muntu."

Apolline alizikusanya zile karatasi, akazikunja.

"Ijumaa siendi," alisema.

Siku ya kumi na nane, adhuhuri, mtoto wa kiume alizaliwa, karibu kilo nne. Generose alimwita Eliane aone utando mweupe uliomfunika mwili. Aliyepitisha siku, alimwambia, hutoka mkavu, ngozi ikibambuka.

Eliane aliugusa utando kwa kidole.

"Tumupeleke kwa Vainqueur amuangalie?"

Generose alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, akaenda kunawa mikono.

"Mupeleke," alisema. "Labda atamupatia tarehe ya sita."