Mlio Kwenye Gia za Nyuma

Baiskeli mpya ilianza kulia kabla sijazipita nyumba za mwisho za Kibiti. Ulikuwa mlio mkavu na mfupi, kama wa mtu anayevunja njiti moja moja: tak, kimya, tak, tak, kimya. Nikiacha kukanyaga na kuiacha baiskeli itembee yenyewe, haupo. Nikikanyaga tena, unarudi. Nilikuwa nimebeba sukari, mafuta ya taa na dawa za presha za dada yangu mkubwa. Mbele yangu ilikuwapo njia ya mchanga inayoshuka hadi mabonde ya mpunga, ambako mnyororo ukikukatikia hakuna wa kumwita. Nikageuza, nikarudi nyumbani na mzigo wangu.

Dada yangu ndiye pekee aliyebaki nami katika watoto wa mama yetu. Msimu wa kuamia, wa kuwafukuza ndege wasile mpunga, hukaa dunguni, katika kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba lake, na tangu alipokuwa msichana hakuna aliyewahi kumshusha humo kabla mpunga haujavunwa. Mimi humwendea mara kwa mara nikampelekea anachohitaji na kuhakikisha kwamba amemeza dawa. Baiskeli yangu ya zamani ilikatika fremu. Binti yangu aishiye Dar es Salaam akaniletea hii, ya gia, ili nisichoke.

Aliponipigia simu kuuliza kama nimeipenda, nilimwambia ukweli kwamba inalia.

“Inalia wapi, baba?”

“Nyuma. Bado sijajua ni kitu gani.”

“Basi usiipande. Jumamosi nakuja. Kama bado inalia, inarudi dukani, na shangazi namchukua akae kwangu.”

“Shangazi yako hatatoka shambani.”

“Na wewe utafikaje huko? Bodaboda haziingii kwenye matuta ya mpunga. Umeniambia mwenyewe.”

Kumwondoa dada yangu dunguni msimu wa ndege kungekuwa sawa na kumwambia kwamba kazi yake duniani imekwisha. Atakaa kwenye kochi la watu, atazame ukuta, na mpunga wake uliwe. Niliweka simu chini, nikatoka kwenda kuitazama ile baiskeli, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Kwa muda mrefu wa maisha yangu nilikuwa mpima ardhi. Kazi hiyo ilinifundisha kutilia shaka kila sentensi inayoanza na “tunavyosikia”. Nimesimama katika mashamba mengi, watu wazima wakiapa kwamba mpaka ulipita hapa, kisha jembe likafukua jiwe la mpaka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo habari za mlio wangu zilipoenea, na washauri wakaanza kunijia, niliwapokea kama nilivyokuwa nikiwapokea mashahidi wa mipaka.

Mmoja alinikabili tulipotoka msikitini. “Mzee, mnyororo mpya hulainishwa kwa mafuta ya ufuta.”

“Umewahi kuulainisha wewe?”

“Watu ndivyo wanavyofanya.”

“Watu gani?”

Akacheka, akamgeukia mwenzake. “Huyu mzee ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza umeliona na nani.”

Mwingine alidai kwamba baiskeli zote mpya hulia, na kwamba mlio hukoma zikizoea njia. Nilimwuliza baiskeli ina kumbukumbu gani hata izoee njia. Jirani yangu alisema kuna mahali barabarani ambapo ni lazima kuteremka na kutoa salamu, nami nilipita bila kuteremka. Huyo nilimuaga, nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi.

Fundi alikuwa na hukumu yake tayari. Yeye ndiye aliyeikamilisha baiskeli ilipotoka kwenye boksi, akaifungia na keria. Kwetu baiskeli haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ipate keria ya nondo. Ile ndogo inayotoka kiwandani hutupwa, maana haiwezi kubeba hata nusu gunia la mpunga.

“Mzee, gia ni mapambo,” alisema, akiuzungusha mnyororo kwa kidole. “Leta nizitoe zote, nikuachie moja. Utanishukuru.”

“Tatizo ni nini hasa?”

“Tatizo ni gia.”

“Gia ipi kati ya hizi?”

“Zote.”

“Ukitoa vyote usivyovijua, hutakaa ujue kilichokuwa kibovu.”

“Lakini italia tena?” Akatabasamu. “Haitalia. Wewe unataka baiskeli au unataka mtihani?”

Niliikokota hadi nyumbani. Sitaki kujifanya nilikuwa mtulivu. Nilikula nimesimama. Mke wangu alinitengea chai, ikapoa. Aliniuliza habari ya bati linalovuja, nikamjibu habari ya mnyororo. Hata nilipokaa kimya niliusikia mlio ule kichwani, na mguu wangu wa kulia ukawa unakanyaga sakafu.

Nilianza na pedali, kwa kuwa mlio ulikuja pale tu nilipokanyaga. Nilizifungua, nikazisafisha goroli, nikazirudisha. Mlio haukubadilika. Nikapanda uani nikikanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mlio ule ule. Kwa hiyo pedali hazikuwa na hatia. Nikakagua mnyororo pingili kwa pingili nikitafuta iliyokaza. Haikuwapo. Nikaupaka mafuta ya cherehani, si kwa sababu ya mashauri ya msikitini, bali ili nipate haki ya kuyakataa. Mlio ukawa laini kidogo asubuhi ile, na mchana ukarudi na nguvu zake.

Ndipo nikajaribu gia moja baada ya nyingine, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Hapo palitokea jambo. Katika gia kubwa ya nyuma mnyororo ulinguruma mfululizo. Katika za kati ulipiga tak, tak, na mara nyingine ukaruka wenyewe kwenda gia ndogo ya jirani. Ilikuwa kama mnyororo unaongozwa mahali ambapo meno hayapo.

Kuiona kasoro hiyo nikiwa juu ya baiskeli kulikuwa muhali, na kuipindua miguu juu hakukuwezekana kwa sababu ya urefu wa keria. Nikaifunga kamba, nikaining'iniza kwenye boriti ya banda la jiko. Mke wangu akaacha kupepeta mchele.

“Sasa unainyonga?”

“Nataka uzungushe pedali polepole. Mimi nitachungulia nyuma.”

“Na mchele wangu?”

“Mama, Jumamosi inakaribia.”

Alinitazama usoni, akafuta mikono kwenye kanga, akashika pedali. Nilichuchumaa nyuma ya gurudumu, jicho moja nimelifumba, kama nilivyokuwa nikitazama mstari wa vigingi. Chini ya gia za nyuma kuna mkono mdogo wenye vigurudumu viwili. Huo ndio unaousogeza mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine. Vigurudumu vile vilipaswa kukaa chini ya gia iliyochaguliwa, sawasawa. Havikukaa hivyo. Vilikuwa nje kidogo, upana wa bapa la chuma. Nikamwambia abadilishe gia. Nje kidogo. Abadilishe tena. Nje, kwa kiasi kile kile.

“Kama kosa ni lile lile kila mahali,” nilisema, “basi si la gia. Mkono wote umesogezwa.”

“Umesogezwa na nani?”

Nilifuata mkono ule kwa kidole hadi unapofungwa kwenye ekseli. Kulikuwa na fremu. Juu ya fremu kulikuwa na mguu wa keria, bapa nene la chuma. Juu ya bapa hilo ndipo kilipokaa kibati cha mkono wa gia, kisha nati. Bapa lilikuwa limeingia katikati na kuusukuma mkono nje. Mtu yeyote angeitazama keria mwisho kabisa, kwa maana keria haizunguki na haina meno. Sisi tunaifunga kwa desturi, kama tunavyofunga mlango.

Nililegeza nati, nikatoa mguu wa keria, nikakaza tena. Mke wangu akazungusha. Mnyororo ukapita gia zote bila neno. Nikaurudisha mguu wa keria, safari hii nje ya kibati, chini ya nati. Akazungusha tena, kwa kasi, mpaka gurudumu likaanza kuvuma.

“Inatosha,” nilimwambia.

“Acha nifaidi. Kazi nimeifanya mimi.”

Fundi alikuja kushuhudia, mikono nyuma. “Keria naifunga hivyo kila siku, mzee. Chuma kikalie fremu, mzigo usiyumbe.”

“Kwa baiskeli isiyo na gia hujakosea.”

Alichuchumaa, akalitazama lile bapa kwa muda. “Ungekuwa fundi wewe, watu wangesubiri baiskeli zao hadi mvua za mwakani.” Lakini aliondoka akikitazama kibati kile.

Jumamosi alfajiri, kabla binti yangu hajafika, nilipakia tena sukari, mafuta ya taa na dawa, nikashika njia ya mabondeni. Kimya kile kilinisumbua kuliko mlio. Kila nilipovuka shimo nilitega sikio. Kwenye mchanga niliteremka, nikakagua nati, nikapanda. Katika matuta nilibadilisha gia bila haja, huku na huku, nikiitafuta ile tak. Haikuja, nami sikuacha kuitafuta.

Dada yangu aliniona kutoka juu. “Wewe bwana mdogo, umechelewa! Hooo!” Ukelele wa mwisho ulikuwa wa kuwafukuza ndege, akaurusha pamoja na bonge la udongo.

Nilikuwa nimekaa naye dunguni, anameza dawa huku akilalamikia uchungu wake, simu ilipolia.

“Shikamoo, baba. Nipo nyumbani. Baiskeli iko wapi?”

“Marahaba. Iko huku, chini ya dungu.”

“Mama anasema imepona.”

“Hayo ni maneno ya mama yako. Pumzika. Nikirudi uipande mwenyewe.”

“Na shangazi?”

Nilimpa dada yangu simu. Aliishika mbali na sikio, akapiga ukelele mwingine kuwafukuza ndege, kisha akamwuliza binti yangu kama huko mjini kwake kuna mpunga wa kulinda.