Lumumba Nzima kwa Adresi Moja

Mimi sijui kuomba pardon kwa jambo nisilolijutia. Nasema mapema, mujue ni nani anawasimulia.

Nilikuwa teknisiani katika kampuni ndogo ya internet hapa Bunia. Zile adresi za zamani, namba za kutambulisha kila nyumba kwenye mutandao, zilikuwa zimekwisha, na siye tulibaki na chache tu. Kwa hiyo Lumumba, kartiye nzima, mutaa wetu wote, ilikuwa inatoka kwenye internet na adresi moja. Mutu mmoja akifanya ujinga, kule ng'ambo wanaona Lumumba yote njo imefanya. Watu wa Ituri, mukoa wetu huu, tunajua sana kulipishwa kosa la mwingine, na mimi jambo hilo lilikuwa limenichosha.

Adresi mpya, ndefu, za kutosha kila nyumba na kila simu, nilikuwa nimezipanga mwenyewe kwenye mashini, miezi mizima. Zilingoja ruhusa ya wakubwa wa Kinshasa tu. Kila nikiuliza, shefu alinijibu kwamba Kinshasa bado wanasoma dosie. Wasome tu, si wana macho.

Juma moja jirani yangu, mama muzalishaji wa senta ya afya, akaja kwangu uso umemwanguka. Alikuwa anaomba bursa, musaada wa feza za masomo, ya kusomea kupasua wamama wanaoshindwa kuzaa, juu mama mmoja wa Bogoro alimufia mikononi kwa kukosa mutu wa kumupasua. Fomu ilikuwa inafungwa vendredi, Ijumaa, saa sita, na sayiti ilikuwa inamukatalia. Nikachungulia. Mutu fulani wa Lumumba alikuwa amejaribu kuingia mule kwa ujanja, mara nyingi, basi wenye sayiti wakafungia kartiye yote. Nikapigia shefu. Akasema tungoje lundi, Jumatatu. Lundi ya nini? Nilicheka kwa hasira.

Vendredi saa ine asubuhi nikawasha adresi mpya kwenye antena ya Lumumba. Sikuomba mutu ruhusa. Fomu ikaenda. Mama alikaa chini kwenye sakafu ya simenti, akalia. Ilibaki interviu, mercredi, Jumatano, kwa sayiti ile ile.

Lundi nikakuta demande d'explication juu ya meza yangu, ile barua ya kukuuliza kwa nini umekosa. Kwetu barua hiyo iko na jibu lake tayari: sekretere anatunza karatasi ya kuomba radhi, unainakili, unaweka jina lako, mambo yanaisha. Wote tulikuwa tunafanya vile. Akanisogezea, masikini, kwa huruma. Nikamurudishia. Niliandika mustari mumoja: nilifanya, na nitafanya tena.

Shefu akaniita. Akasema nizime zile adresi kwa mukono wangu, na yeye atapasua barua. Alisema kwa upole, na upole ule njo uliniudhi zaidi. Nikamusogezea klaviye ya kompyuta.

"Zima weye mwenyewe, shefu. Muke wako alizalia mu mikono ya ule mama. Zima, halafu uende umwambie."

Akaisukuma klaviye kando, hakuzima kitu. Kisha akaandika kwamba ninasimamishwa kazi kwa siku nane, akanionyesha mulango. Nikachukua sakoshi yangu ya kubeba begani, nikatoka bila kugeuka.

Mercredi nilikuwa kwangu, ninaosha sahani. Dirisha la jirani lilikuwa wazi. Nilimusikia akijibu maswali ya watu wa bursa kwa Kifaransa, pole pole, moja baada ya lingine, na sauti haikukatika hata mara moja.