Anaulizwa Dada Yangu

Mtoto alikuwa hajacheza tumboni tangu jana yake mchana. Ndiyo maana tulitoka Njoro mapema, mimi na dada yangu, tukaja kliniki moja hapa Nakuru mjini nipigwe picha ya tumbo. Dada alikuja kunishika mkono tu, maana mimi sioni. Mimba ilikuwa yangu, na hofu yote ilikuwa yangu.

Basi msichana wa mapokezi akamwuliza dada, "Huyu ana miezi mingapi?" Nikajibu mimi: saba. Akamwuliza dada tena, "Na anakula vizuri?" Nikanyamaza nisije nikamtolea maneno. Haya nimeyazoea. Hotelini wanamwuliza niliye naye kama natumia sukari. Kanisani akina mama wananishika mkono, wanabadilisha sauti, wananiambia nikisie ni nani. Nikishindwa wanacheka. Watu wazima na akili zao.

Lakini siku hiyo sikuwa na subira ya mtu. Nililala kitandani, daktari akanipaka mafuta baridi, akaanza kupitisha kifaa chake. Kimya. Akamwambia dada, "Sogea hapa uone." Nikasikia kiti kikivutwa. "Unaona?" Dada hakusema kitu. "Na hapa je?" Kimya tena. Kumbe walikuwa wanaitikiana kwa vichwa, wote wawili, juu ya tumbo langu. Kisha dada akaanza kulia.

Nilijua mtoto amekufa. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Daktari, mtoto wangu yuko hai?"

Sauti yake ikaenda upande wa dada. "Mwambie asijali, mtoto ako sawa."

"Niambie mimi." Nilisema kwa nguvu mpaka waliokuwa nje wakanyamaza. "Tumbo ni langu. Mama yake ni mimi."

Dada, kwikwi bado zimemshika, akasema analia kwa furaha, amemwona mtoto ameweka kidole mdomoni. Nilitaka kumzaba kofi.

Daktari akakohoa. "Pole, mama," akasema, na safari hii sauti ilinijia usoni. Akabonyeza kitu. Chumba kikajaa mapigo ya moyo, ya mbio, kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Nikalia na mimi.

"Kwani hii mashine ina sauti?" nikamwuliza nilipoweza kusema.

"Iko nayo," akasema. "Huwa tunaizima. Watu wanataka tu kuona."