Mama Émerance na Darasa la Mbabula

Émerance aliingia Lubumbashi katikati ya Machi 2025, juu ya lori la samaki wakavu kutoka Kalemie. Alikuwa na begi moja la mgongoni, kitambulisho chake cha ualimu, na simu yenye kioo kilichopasuka. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mmoja. Kumi na minne kati ya hiyo aliitumia katika shule moja ya sekondari mjini Goma, akifundisha somo ambalo walimu wengi hulikwepa: elimu ya maisha. Namna ya kumhudumia aliyeungua, ya kumkatalia mtu mzima anayekuvizia, ya kujieleza mbele ya mtu anayetoa kazi, ya kutambua habari ya uongo kabla hujaituma kwa wengine. Kitabu cha somo hilo hakuwa nacho, kwa hiyo alikuwa akitafuta mafunzo kwenye mtandao, video baada ya video, na kuzihifadhi ndani ya simu.

Vita vilipoingia Goma mwisho wa Januari, shule yake ilijaa familia zilizokimbia. Madawati yakawa kuni, wanafunzi wakatawanyika. Mumewe, Adalbert, alikataa kuondoka.

"Nikitoka, kesho tutakuta watu wengine wamelala kitandani mwetu," alimwambia. "Wewe tangulia kwa kaka yako. Mimi nitalinda nyumba."

Kaka huyo, Adrien, alikuwa amehamia Lubumbashi miaka ishirini nyuma, akiuza kwa jumla maharage na viazi vya Kivu. Émerance alimjua kama mtu wa sauti kubwa na ghala lililojaa mpaka darini. Alipofika alikuta ghala tupu. Njia zilikuwa zimefungwa, malori hayaji, na Adrien alishinda amekaa kwenye kigoda mlangoni kana kwamba anangoja mteja asiye na jina.

"Dada, usione haya kula," alimwambia usiku wa kwanza, akimsogezea bukari, ule ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo. "Tutakula kile kinapatikana. Hata kama ni kiloko, kidogo tu, tutakula pamoja."

Émerance alikula huku machozi yakimdondoka ndani ya sahani. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Baadaye, kila alipohesabu mambo aliyopaswa kushukuru, alianza na ukimya huo wa mezani.

Mwezi wa Aprili, Adrien alimpeleka kwa Papa Casimir, mkuu wa shule moja ndogo ya sekondari katika mtaa wa Katuba, ambaye waliimba pamoja katika kwaya ya kanisa. Papa Casimir alikisoma kitambulisho chake mbele na nyuma, akavua miwani.

"Mama, mwalimu wetu wa elimu ya maisha alienda kufanya kazi kule machimboni Kinsevere tangu Desemba. Darasa la tano liko bila mtu. Mshahara wa serikali siwezi kukuahidi. Wazazi watachanga kidogo, wakichanga. Unaweza kuanza lini?"

"Hata leo, Papa Préfet," alijibu Émerance, na sauti yake ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Somo la kwanza liliharibika. Alikuwa ameazima projekta ya kanisa, akatundika shuka ukutani, na umeme kwa bahati ulikuwepo. Alionyesha video ya Kifaransa juu ya kupanga kazi za nyumbani. Mwanamke mmoja alizunguka katika jiko jeupe, akafungua tanuri, akapakia mashine ya kuoshea vyombo. Wanafunzi arobaini na watatu walitazama kimya. Kisha mvulana mrefu wa nyuma, Gradi, akanyoosha mkono.

"Madame, ile mashini tutaiweka fasi gani? Siye kwetu tuko bantu munane mu chumba kimoja."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Émerance alijaribu kueleza, lakini kila alipofungua kinywa, kuna aliyeiga jinsi watu wa Goma wanavyovuta maneno, na kicheko kikaanza upya. Kengele ilipolia alikunja shuka lake polepole, mgongo umewageukia, ili wasione uso wake.

Msichana mmoja hakutoka. Aliitwa Dorcelle, mjukuu wa fundi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, na alikuwa na tabia ya kusahihisha kila mtu, walimu wakiwemo.

"Madame, musikasirike," alisema. "Bile bintu ya mu video ni ya bantu ba fasi ingine. Mutuulize siye. Tutawaambia kitu tunahitaji."

Émerance aligeuka akamtazama. Miaka kumi na minne ya kufundisha, na hakuwahi kuwauliza wanafunzi.

Kesho yake aligawa vipande vya karatasi. Aliwataka waandike, bila jina, jambo moja la nyumbani linalowatisha au wasilojua kulifanya. Aliyabeba majibu kwa Adrien, akayasoma mlangoni mwa ghala mpaka jua likatua. Wengine waliogopa mitihani, wengine ulevi wa baba, mmoja alitaka kujua namna ya kulea mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini karatasi nne, za mikono minne tofauti, zilisema karibu kitu kilekile. Moja ilikuwa hivi: "Baridi ikianza mama anaingizaka mbabula mu chumba. Mwaka ilipita batoto babili ba jirani balilala, habakuamuka. Banasema ni bulozi. Mimi naogopa kulala."

Mbabula ni lile jiko dogo la chuma linalochoma makaa, na hakuna nyumba ya Lubumbashi isiyo nalo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya nyanda za juu inaposhuka, watu huliweka chumbani, hufunga mlango na dirisha, na kulala.

Émerance alikijua kifo hicho. Si uchawi. Ni hewa yenye sumu inayotoka kwenye makaa, isiyo na rangi wala harufu. Lakini alijua pia kwamba akisimama mbele ya darasa na kusema hivyo tu, maneno yatabaki ndani ya kuta nne.

Jumamosi alipanda basi mpaka Kasapa. Huko chuo kikuu alikuwepo Sylvain, mtunza maktaba, aliyesoma naye zamani. Sylvain alimpa kiti karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao ulikuwa na nguvu, akamwachia chaja yake mwenyewe.

"Télécharger mpaka uchoke," alimwambia. "Nikifunga mlango nitakuambia."

Alipakua mpaka saa kumi jioni. Maelezo ya madaktari yalikuwa mazuri sana. Video zilikuwa zilezile za kuchekesha: theluji nje, bomba la gesi ukutani, king'ora kidogo darini kinacholia hewa ikichafuka. Alimwona Gradi tayari amenyoosha mkono.

Jumatatu hakutundika shuka. Aliwasomea maelezo ya madaktari kwa Kiswahili, akawaonyesha kwenye simu sekunde chache za ile theluji, wakacheka, naye akacheka nao.

"Sasa," alisema, "hii video haituhusu. Nani atatengeneza ile inatuhusu?"

Walibishana siku tatu. Dorcelle aliandika maneno, akayafuta, akayaandika tena. Mama mmoja jirani wa shule aliwaachia chumba chake cha kurekodia. Gradi aliomba kuwa maiti; alilala vizuri kabisa, halafu akaanza kukoroma, na ikabidi warudie mara nne. Walionyesha makaa mekundu yasiyo na moshi, na Dorcelle akasema mbele ya simu: "Usione hakuna moshi ukasema hakuna hatari." Walionyesha dalili: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu inakuwa kama nguo iliyolowa. Walionyesha la kufanya: fungua mlango, toa watu nje kwenye hewa, mlaze ubavu asiyeamka, kimbilia hospitali, usipoteze muda ukimtafuta mchawi.

Walipofika kwenye maelezo ya sumu yenyewe na ya kutoka nje, Dorcelle alimkabidhi Émerance karatasi.

"Hapa museme ninyi, Madame."

"Na sauti yangu hii munayochekaka?"

"Njo ile ile, ndiyo hiyo," alisema Gradi, safari hii bila kucheka. "Bantu batasikia kama ni mama mukubwa anasema. Batasimama kusikia."

Video ilikuwa na dakika tatu. Walirushiana wenyewe kwa wenyewe, simu kwa simu, kwa sababu wengi hawakuwa na mega za mtandao. Kutoka hapo ilikwenda kwenye kwaya, kwa madereva wa pikipiki, kwa wauza makaa ambao walikasirika kwanza kisha wakaanza kuwaonyesha wateja wao, na mwenye mega akaituma mbali. Mwanzoni mwa Juni mtandao ulikubali, na Adalbert akapiga simu kutoka Goma.

"Mke wangu," alisema. "Nilikuwa kwa jirani, mtoto wake anaangalia simu. Nikasikia unaongea. Nikazunguka nyumba yake nikidhani umerudi."

Émerance aliketi chini kwenye sakafu ya ghala. Waliongea mpaka salio likaisha, juu ya paa linalovuja, juu ya kuku waliobaki wawili, juu ya mambo madogo kabisa. Adrien aliinuka kwenye kigoda chake. Alitoka, akarudi na chai.

Wiki ya mwisho ya Juni, katikati ya mtihani, mwanamke mmoja aliyevaa kitenge na koti la kiume alisimama kwenye mlango wa darasa. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka kama mitatu, mkononi beseni lililofunikwa kitambaa.

"Munisamehe," alisema. "Natafuta ule mama mwenye kuongea sawa bantu ba Goma."

Darasa zima lilimwonyesha Émerance kwa vidole.

Mwanamke yule, Mama Bwalya, aliuza mikate ya kukaanga mbele ya soko. Alisimulia akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akituliza maneno atashindwa kuyamaliza. Mkwewe alikuwa mgonjwa, baridi ilikuwa kali, kwa hiyo aliingiza mbabula chumbani walimolala yeye, mkwewe huyo na watoto watatu. Video alikuwa ameiona kwa mteja wake, akasema moyoni kwamba ni maneno ya shule. Alfajiri, saa yake ya kuamka kukanda unga, aliamka kichwa kinamgonga. Akataka kusimama, miguu ikakataa.

"Njo pale nikakumbuka. Miguu sawa nguo yenye kulowana. Nikasikia sauti yenu mu kichwa, mama, nawaambia kweli. Toka inje kwanza. Nikatambaa, nikasukuma mulango na bega. Nikakokota batoto, mumoja mumoja. Mama mukwe akaamuka na hewa. Huyu hakuamuka."

Alimshusha mtoto kutoka mgongoni.

"Nikamulalisha ubavu, vile kijana mule mu video anamulalishaka mwenzake. Jirani akatubeba na pikipiki. Ku hospitali balimutia hewa siku tatu. Anaitwa Deborah. Anakula leo mpaka anatuibia."

Deborah alimtazama Émerance, akajificha nyuma ya kitenge. Mama Bwalya alianza kupiga magoti. Émerance alimdaka kwenye viwiko, wakabaki hivyo, wanawake wawili wanaoshikana mikono mbele ya wanafunzi waliosahau mtihani wao.

"Usinipigie magoti, mama," alisema Émerance. "Si mimi peke yangu. Huyu ndiye aliandika." Alimwonyesha Dorcelle. "Na yule ndiye maiti."

Gradi alisimama. Alichukua beseni kutoka kwa Mama Bwalya, akaliweka mezani kwa mikono miwili, akarudi kukaa, akainamisha kichwa. Dorcelle alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Papa Casimir, aliyekuja kuona kelele ni za nini, aliwaongezea nusu saa ya mtihani na kula mkate wa kwanza.

Wanafunzi walipotoka, Mama Bwalya hakuondoka. Alitoa ndani ya koti karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Mama mwalimu, ku hospitali balinipa hii. Banasema mutoto arudishwe, sijui siku gani. Miye sikusoma. Naonaka haya kuuliza."

Émerance aliikunjua, akamsomea tarehe, akamwonyesha kwa kidole tarakimu zenyewe, mpaka Mama Bwalya akazitambua bila kusaidiwa. Yule mama alizirudia mara mbili tatu, kisha akauliza, macho yakiwa kwenye mlango: "Muko munafundisha bamama pia?"

"Bado," alisema Émerance. "Siku gani unapumzika kuuza?"

"Siku ya posho, nyuma ya saa sita."

"Basi uje Jumamosi, siku ya posho, mama. Leta na jirani."

Jumamosi ile walikuja wanawake watano. Ya pili walikuwa kumi na mmoja, na Dorcelle alifika bila kuitwa kuwasahihisha. Adrien aliwaachia ghala, maana lilikuwa tupu na lina kivuli, akafagia mwenyewe, akapanga magunia ya kukalia. Émerance alisimama mbele yao na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akatazama zile nyuso zilizomsubiri, mikono yenye harufu ya mafuta, ya makaa, ya sabuni. Goma ilikuwa bado mbali na hakuna aliyejua itafunguka lini. Alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, kwa majina: Adrien, Casimir, Sylvain, Dorcelle, Gradi, mtoto Deborah, na Adalbert anayelinda kuku wawili. Kisha akawauliza akina mama wanataka kuanza na nini, akachukua kalamu, na akaanza kuandika majibu yao.