Sare Iliyowapeleka Wanaume Bombani

Mume wangu na jirani yetu Mganda walifanya kazi karakana moja pale Thika, na walipatana kwa kila kitu isipokuwa mpira. Wiki ambayo Kenya ilikuwa icheze na Uganda kule Nairobi, walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe jirani akapiga meza: "Asiyeshinda atamchotea mkewe maji wiki nzima!"

"Sawa!" akajibu mume wangu.

Mimi na mke wa jirani tulitazamana tu.

Jumamosi alasiri tulijazana nje ya duka la nguo la Mhindi mmoja aliyeweka redio yake dirishani. Kenya ikatangulia kufunga. Mume wangu akamkumbatia mwenye duka, ambaye mpira hata hakuupenda. Zikiwa zimebaki dakika chache, Uganda ikasawazisha, na jirani akarusha kofia ikanasa juu ya mabati. Mara kipenga kikalia. Sare.

Wanaume wakashikana mikono. "Basi hakuna aliyeshindwa," mume wangu akasema.

"Kweli," nikamwambia. "Lakini hamkusema atakayeshindwa. Mlisema asiyeshinda. Nani ameshinda?"

Mke wa jirani akamgeukia mumewe. "Wewe umeshinda?"

"Hapana."

"Na wewe, shemeji?"

Mwenye duka akacheka mpaka akashika kaunta.

Walitaka kwenda gizani wasionekane, lakini zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Mwingereza, na kutoka nje kabla ya kucha kulikatazwa. Wakaenda bombani jua likiwaka, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Mume wangu alikataa kubeba debe mgongoni kwa mkanda wa ngozi unaopita kipajini, kama sisi wanawake. Akalitia kichwani, akafika na nusu debe, shati limemganda mwilini. Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikamwambia maji hayo hayatoshi.

Siku ya nne akaanza kukawia bombani. Alirudi na habari ambazo hata mimi sikuwa nazo: nani kaposwa Ruiru, na jogoo wa nani amepotelea kwenye sufuria ya nani.

Wiki ilipokwisha nikaenda mwenyewe. Wanawake waliitikia salamu yangu nusunusu, wakichungulia nyuma yangu.

"Mzee wako yuko wapi?" mmoja akauliza. "Jana alituachia hadithi katikati."

Ngai, Mungu wangu! Nilijaza debe langu nikaondoka, na sitaficha, niliona wivu.