Chuma Hakinenepi

Ukuta wa upande wa mashariki wa gereji ile haukuwa umepakwa rangi kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu mwenyewe hakutaka. Ukuta huo ndio uliokuwa daftari lake. Kila gari alilolihudumia lilikuwa na safu yake, imeandikwa kwa chaki kuanzia juu kushuka chini: tarehe, gurudumu la kushoto, gurudumu la kulia, na unene wa diski za breki kwa milimita. Kwa ajili hiyo watu walimwita Mzee Milimita, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, naye aliwaitikia wote kwa sauti ile ile.

Diski ya breki ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedali, pedi mbili huibana sahani hiyo huku na huku hadi gari lisimame, na kila ikibanwa hulika kidogo. Ikilika kupita kipimo, hupata moto upesi, hujikunja, hata huweza kupasuka. Mzee Milimita alifundishwa hayo akiwa na umri wa miaka kumi na minane, katika karakana ya idara ya barabara, na fundi mkuu aliyekuwa mkali kama pilipili. Kwa pikapu za aina aliyoizoea, diski mpya huwa na milimita ishirini na tano. Ikifika ishirini na tatu, hutupwa. Hakuna mjadala.

Tangu wakati huo hakubadili utaratibu wake. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekewa vigingi vya chuma chini, maana jeki, alivyokuwa akisema, ni mgeni: usimwachie nyumba. Gurudumu likishatoka, kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya ili mpira wa breki usivutwe. Kisha huchukua tupa na kuchonga ukingo wa nje wa diski, palipoinuka kama tuta dogo lenye kutu, mpaka palingane na uso wenyewe. Baada ya hapo tu ndipo huleta kipimio chake cha taya na kupima mahali patatu. Kipimio hicho alizawadiwa siku aliyostaafu karakana, naye alikifunga katika kitambaa cha flana kama mtoto mchanga.

Jambo moja hakuliandika ukutani. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilianza kufuata nyayo za mwenzake. Alijifunza kuzijua spana kwa kuzipapasa, na kusoma kipimio kwa kukiinua mlangoni kwenye mwanga, huku akijifanya anakipuliza vumbi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa dereva wa pikapu ya kijani iliyosomba simenti kutoka ghala la jirani hadi viwanja vya ujenzi vilivyokuwa bondeni, chini ya mteremko wa kilomita saba wenye kona tisa. Kuendesha alifundishwa na baba yake, na pamoja na kuendesha alifundishwa amri moja: ukishika usukani, simu iingie ndani ya kisanduku cha dashibodi, na isitoke mpaka injini izime.

Asubuhi hiyo alifika kabla hajapakia mzigo.

"Shikamoo, baba. Pedali inanitetemekea mguuni. Tangu juzi."

"Marahaba, mama. Ingiza ndani tuone."

"Si tubadilishe diski tu? Zile mpya ziko kwenye boksi chini ya meza tangu mwezi uliopita."

"Kitu hakitupwi kabla hakijapimwa. Mgonjwa hazikwi kwa kukohoa."

Alifungua gurudumu la kushoto na kuning'iniza kalipa kwa waya. Mkono ukaenda kwenye msumari wa kutundikia tupa, ukakuta msumari mtupu. Tupa ilikuwa imeazimwa na jirani yake, fundi wa matairi aliyeitwa Kiraka, mtu ambaye alirudisha vitu vya watu vile vile anavyolipa deni la wema: polepole. Akiwa nje, binti aliitazama saa yake. Mashine ya zege ilikuwa ikimngoja bondeni na mafundi wamekaa bure.

Basi mzee akapima vivyo hivyo. Alikinyanyua kipimio mlangoni, akapuliza vumbi lisilokuwapo, akasoma. Akafungua na gurudumu la kulia, akapima. Akaandika ukutani kwa tarakimu kubwa.

"Ishirini na tano, zote mbili. Nzima kabisa hizi."

"Mbona inatetemeka?"

"Pedi zimeshika vumbi. Nimezisugua."

Binti alisimama kidogo, akaangalia msumari mtupu, kisha akamwangalia baba yake. "Una hakika, baba?"

"Mimi nilikuwa napima diski kabla mama yako hajajua kama nipo duniani."

"Haya, Mzee Milimita," alisema, akacheka kidogo, akaondoka.

Ilipotimia saa tatu, Kiraka aliingia na tupa mkononi na kikombe chake mwenyewe, kwa kuwa alipenda chai ya watu lakini si vikombe vyao. Alikaa juu ya tairi, akaegemea, akaanza kuusoma ukuta kama mtu anayesoma gazeti la jana.

"Mzee, hii pikapu ya binti unailisha nini?"

"Kwa vipi?"

"Mwezi wa nane mwaka jana, diski ishirini na tatu nukta nne. Leo ishirini na tano. Imenenepa! Nigawie na mimi hicho chakula, suruali zinanivuka."

Mzee Milimita alicheka. Alicheka hasa, kwa sababu Kiraka alikuwa mwembamba kama spoku ya baiskeli. Kisha kicheko kikakatika. Aliinuka akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa chaki. Akazipitishia kidole tarakimu: ishirini na tatu nukta nne, chini yake, ishirini na tano.

Chuma hakinenepi.

Aligeuka akaitazama tupa iliyokuwa mkononi mwa Kiraka. Pedi hazifiki ukingoni kabisa, kwa hiyo tuta lile la ukingoni haliliki kamwe. Hubaki na unene wa siku diski ilipotoka kiwandani. Hakulichonga, wala macho yake hayakuliona. Alikuwa ameweka taya za kipimio juu ya tuta.

"Kiraka, ile pikapu haina breki."

"Acha utani, mzee."

"Nimepima kutu."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakoma. Alipiga tena, na tena, huku akijua fika inapolia: ndani ya kisanduku, chini ya kitambaa cha kufutia kioo, pale pale alipoamuru ikae. Mtoto alikuwa mtiifu. Kiraka alikimbia hadi ghalani akarudi akihema.

"Ameshapakia. Mifuko ishirini na minane. Ametoka nusu saa iliyopita. Nishuke na baiskeli?"

"Baiskeli yako ina breki?"

"Nina soli."

"Basi kaa. Tusije tukaokota wawili."

Gari lililokutangulia nusu saa kwenye mteremko halifukuziwi, hungojewa. Mzee alikwenda akasimama kando ya barabara, mikono imemning'inia kama nguo zilizoanikwa. Lori moja likapanda likinguruma, akalisimamisha.

"Kijana, umekutana na pikapu ya kijani?"

"Mzee wangu, za kijani ziko ngapi?" Dereva alichungulia dirishani. "Kuna gari limelala kona ya nne. Watu wamejaa, vumbi tupu. Rangi sikuiona."

Kiraka alimshika mzee kiwiko. Hakuwa na mzaha tena.  Mzee alirudi ndani, akavuta boksi lililokuwa chini ya meza, akatoa diski mpya mbili na kuanza kuzisugua kwa kitambaa chenye petroli, aondoe mafuta ya kuzuia kutu. Kazi hiyo haikumfaa mtu yeyote kwa saa ile. Aliifanya kwa ukamilifu: uso wa mbele, uso wa nyuma, tundu moja baada ya jingine. Alipomaliza alianza upya. Kiraka akawa anamtazama tu.

Simu ililia saa nne kasorobo.

"Baba? Umenipigia mara kumi na moja. Kuna nini?"

Mzee aliketi sakafuni.

"Uko wapi?"

"Nimeshafika, wanashusha simenti. Kona ya nne kuna mkokoteni umeanguka, tumekaa sana."

"Zile breki..."

"Nilishuka na gia ya kwanza njia nzima. Watu wamenipigia honi mpaka wakachoka. Sikuziamini."

"Nilikwambia ni nzima."

Upande wa pili zilisikika sauti za mafundi na koleo.

"Niliona hukupiga tupa, baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambiaje?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwezi wa pili sasa unapuliza vumbi mlangoni. Ningekwambiaje mimi?"

 

"Usiipandishe," alisema mzee. "Nitakuja nizifunge."

"Mpe Kiraka alete hizo mpya, lori la ghala linashuka sasa hivi. Nitazifunga mwenyewe, ulinifundisha. Na kipimio, baba. Mpe na kipimio."

Alikifunga katika flana yake, mikunjo mitatu, akamkabidhi Kiraka pamoja na tupa. Kiraka alivipokea kwa mikono miwili.

Saa kumi pikapu ya kijani iliingia uwanjani na kusimama bila mlio. Binti aliteremka, akamsalimu baba yake, akachukua kitambaa akafuta ile ishirini na tano ya asubuhi, kushoto na kulia. Akaokota chaki akaandika. Baba alisimama hatua mbili nyuma yake. Aliiona mistari myeupe, akakaza macho, ikazidi kuyeyuka.

"Isome," alisema.

"Ishirini na mbili nukta moja. Ndivyo ilivyokuwa ile ya zamani, baba."

"Na ya kulia?"

"Ishirini na moja nukta nane."

Alitikisa kichwa. Kwa mazoea, alinyoosha mkono apokee kipimio. Binti alikuwa tayari amekitia mfukoni mwa ovaroli yake.