Ng'ombe Aliyenukia Maua

Sabuni zilipoanza kurudi madukani, mimi nilikuwa mwandishi wa harufu. Usicheke. Nilitoka masomo ya jioni na cheti changu cha kidato cha nne, wino haujakauka, nikapata kibarua Musoma mjini: kuandika kila chenye uhai kinatoa harufu gani.

Bosi wangu alikuwa mama mtaalamu wa wadudu, mtu wa maneno machache. Alitaka kujua harufu zipi zinamwita mbung'o na zipi zinamfukuza. Basi tukakusanya majani, mbuzi, ng'ombe, hata binadamu. Mimi mwenyewe nilifunikwa turubai nikatoka jasho la kuongeza kina cha ziwa. Mnyama akishafunikwa, pampu ya betri ilivuta hewa yake ikaipitisha kwenye kijibomba cha kioo chenye unga unaonasa harufu. Vijibomba vilikwenda ng'ambo, kwenye mashine inayochambua harufu kama mwanamke anavyochambua mchele. Majibu yakirudi, nilijaza kadi: kiumbe gani, yuko wapi, amekula nini, ametoa nini. Mwishowe kadi zote zingeingia kwenye kompyuta, na orodha yetu ingetumiwa na watu wasiojua hata Bunda iko upande gani.

Kibarua kilikuwa cha miezi mitatu. Kadi zangu zikiwa safi, naajiriwa. Zikiwa na kasoro, narudi nyumbani na cheti changu.

Wiki ya mwisho yakafika majibu ya Butiama. Mama aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Njoo uone. Huyu ng'ombe anatoa vitu viwili vyenye harufu ya maua. Kwa ng'ombe sijawahi kuviona."

"Labda alikula maua, mama."

"Hapana. Hii inatoka kwenye ngozi. Labda ndiyo inayofukuza mbung'o." Akatabasamu. Kwa miezi mitatu sikuwahi kuyaona meno yake. "Keshokutwa diski yenye orodha yetu inakwenda Mwanza kwa basi. Huyu ng'ombe atatangulia kwenye ripoti."

Nikaivuta fomu iliyokwenda na kijibomba chake. Kwenye fomu kulikuwa na swali: mnyama ameoshwa au kupitishwa josho wiki hii? Jibu lilikuwa "hapana", kwa mwandiko wangu mzuri. Lakini sikumuuliza mtu. Hizo "hapana" nilizijaza fomu zote siku moja, ofisini, ili kuokoa muda. Nani ataosha ng'ombe? Juzijuzi tu sisi wenyewe tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na foleni ya kipande cha sabuni ilianzia Kitaji ikaishia Uganda.

Kesho yake nikaaga kwamba naenda kuhakiki, nikadandia lori. Mwenye ng'ombe alikuwa bibi mmoja mjane. Nilimkuta anaanika mtama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umerudi na mashine yako ya kunusa?"

"Nimerudi na swali, bibi. Siku ile, ng'ombe alikuwa ameoshwa?"

Alinitazama kama nimemtukana. "We mtoto! Unatuma habari kwamba mtaalamu anakuja kumnusa ng'ombe wangu, halafu nimwache na mavi? Majirani wangesemaje? Nilimwosha na sabuni ya kuogea, ile ya manukato aliyoniletea binti yangu kutoka Bunda. Nilikuwaga naitunza kwenye sanduku. Nikaimaliza yote."

"Yote, bibi?"

"Ng'ombe ni mkubwa."

Nikaandika "sabuni" kiganjani.

"Na usidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Mwenzangu wa kule ng'ambo ya mto alimpaka wa kwake mafuta ya nazi. Mgeni ni mgeni."

Njia nzima ya kurudi nilibishana na nafsi yangu kwa kelele za kumshinda dereva. Ni nani wa Ulaya atakayefunga safari kuja kumuuliza bibi habari za sabuni? Nikinyamaza, naajiriwa. Nikisema, nimekwisha.

Nilimkuta mama kwenye kompyuta, jenereta inanguruma nje, diski imo ndani.

"Umehakiki?"

"Mama, yule ng'ombe aliogeshwa sabuni ya manukato."

Vidole vyake vikasimama. "Fomu inasema hapana."

"Niliandika mimi. Sikuuliza."

"Na hizo nyingine uliuliza?"

"Sikuuliza hata moja, mama."

Alichomoa diski. Hakuitia kwenye mkoba wa safari. Aliitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Mimi tayari nilikuwa naipanga hotuba yangu ya kuaga. Akainuka, akachukua rundo zima la fomu, akaliweka mbele yangu pamoja na kalamu nyekundu.

"Kesho basi litakwenda bila sisi," akasema. "Wewe utarudi kila nyumba. Uulize kwa mdomo wako, uandike wanachosema, hata kikinitia aibu. Ukimaliza ndipo tutazungumza habari ya kazi."

Asubuhi nikaanzia karibu, Nyakato ya hapo hapo Musoma, kwa fundi cherehani mmoja aliyekuwa na beberu hodari tuliyekwisha kumnusa. Nilipolisoma swali, fundi akamgeukia mkewe. Mkewe akatazama chini, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nikafungua kalamu nyekundu.